Kijani Mpaka Ndani ya Milango

Nthoki Kyule alikuwa na miaka arobaini na minne, na kumi na mitatu kati ya hiyo aliimaliza akipiga msasa magari ya watu bila kupaka rangi hata moja.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati nyuma ya nyumba za mtaa wa Ziwani. Mle ndani kila mtu alikuwa na lake. Kulikuwa na wa kunyoosha bodi, wa kuchomelea, wa injini, na kulikuwa na Sylvance Okumu, fundi wa rangi. Bunduki yake ya kupulizia rangi ilikuwa na msumari wake ukutani, imevikwa soksi safi isiingie vumbi, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuigusa. Kazi ya Nthoki ilikuwa kuliandaa gari: kukwangua rangi ya zamani, kuziba mashimo, kusugua kwa msasa mkavu halafu msasa wa maji, mpaka bati liteleze chini ya kiganja. Akishamaliza, Sylvance hutoka kivulini, hunawa mikono kama daktari, hupuliza rangi saa mbili tatu, na mwenye gari akija ni Sylvance anayepewa mkono.

"Rangi ni maandalizi," Sylvance alipenda kusema, glasi ya chai mkononi. "Kupuliza ni kumalizia tu."

Maneno matamu, lakini bunduki ilirudi msumarini.

Nthoki hakuwa mtu wa kulalamika. Msasa aliujua tangu utotoni. Baba yake, mzee Kyule, alikuwa mchonga vinyago aliyetoka Ukambani na kuja kuchonga twiga na vifaru katika chumba kimoja hapo hapo Ziwani, na binti ndiye aliyevisugua vikang'aa. "Funga macho," baba alikuwa akimwambia. "Jicho linadanganywa na mwanga. Kiganja hakidanganywi." Alipokua akapata kibarua katika kiwanda kimoja cha rangi kule Industrial Area, kubeba madebe kupeleka chumba cha kuchanganyia. Miaka sita alibeba. Palikuwa na bwana mmoja wa kuchanganya rangi, mtu asiyesema na wabeba madebe, na kwa kuwa hakumwona Nthoki, Nthoki alimwona vizuri sana. Alijifunza kwamba kijani si kimoja, kwamba tone la nyeusi linaweza kuua debe zima, na kwamba rangi ikiwa mbichi inasema uongo. Mpaka ikauke ndipo utaijua. Vibarua vilipopunguzwa, akapita pale gerejini kuuliza kazi. Wakampa msasa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ile Pijo 504 ilipoletwa, imefungwa kamba nyuma ya pikapu, matairi yamekufa, na mavi ya kuku yamekauka juu ya paa.

Mwenyewe alishuka kutoka kwenye pikapu akiwa amevaa raba na kitambaa cha kichwa. Kezia, ambaye mtaa mzima wa Donholm ulimwita Mama Amondi, alikuwa karani wa reli hadi alipostaafu. Mwanamke mrefu, mkavu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita watu madirishani. Gari hilo alilinunua mwenyewe akiwa bado kijana kazini, na lilikuwa limelala chini ya turubai miaka kumi na moja.

"Nataka lifanywe upya lote," alisema. "Injini, viti, sakafu, kila kitu. Na rangi ibadilike."

"Nyeupe haina shida, mama," Sylvance alisema. "Tunairudishia tu, ling'ae."

"Nyeupe sikuichagua. Siku ile nilipoenda kununua, magari yalikuwa mawili, yote meupe. Nimeendesha rangi ya watu wengine maisha yangu yote." Akafungua mkoba, akatoa kikombe cha bati, vile vya zamani vya kijani, vyenye ukingo mweusi. Kilikuwa kimebanduka sehemu moja karibu na mkono. "Nataka hii."

Mafundi wakacheka. Mmoja akauliza kama gari litawekwa na mkono wa kushikia. Mama Amondi aliwatazama mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Hiki kilikuwa kikombe cha mama yangu kule nyumbani," alisema. "Alikuwa nacho kimoja tu, na mgeni akija ndiye aliyekinywea. Sisi watoto tulikitazama tu pale rafuni. Hakuna kijani kingine ninachokitaka."

Sylvance alizunguka gari, akagonga hapa, akagonga pale. "Sawa. Tutapiga nje. Ndani ya boneti, ndani ya milango, huko tuache nyeupe. Nani atafungua aangalie?"

Ndipo Nthoki aliyekuwa amechuchumaa kando ya gurudumu akasema, na alishangaa kuisikia sauti yake mwenyewe. "Yeye mwenyewe atafungua, Fundi. Kila siku akiingia ataona nyeupe mlangoni. Itakuwa kama mtu aliyevaa suti juu ya nguo za kulalia."

Mama Amondi akageuka kumtafuta aliyesema. "Wewe unaitwa nani?"

"Nthoki, mama."

"Fanyeni vile Nthoki amesema."

Sylvance akatafuna kijiti chake cha meno. Kazi ya aina hiyo si mchezo. Kubadilisha rangi ya nje mtu hufanya kwa siku chache, lakini kuligeuza gari zima ni kulivua mpaka libaki mifupa. Injini ikatolewa. Milango, boneti, madigadi ya juu ya matairi, vioo, viti, mipira, taa, vishikio, kila kitu kikashuka. Waya zikafungwa vitambaa na kuandikwa namba. Chini ya zulia wakakuta sakafu imeliwa na kutu kiasi cha kuonyesha udongo, wachomeleaji wakaikata na kuweka bati jipya. Mama Amondi naye hakukaa bure: alishughulikia karatasi za kubadilisha rangi kwenye kitabu cha gari, akarudi akiwa na risiti ndani ya bahasha na uso wa mtu aliyeshinda foleni.

Kwa miezi miwili na nusu Nthoki aliishi ndani ya gari hilo. Alikwangua nyeupe kwenye pembe ambazo hazikuwahi kuonwa na mtu tangu kiwandani. Alilala chali chini ya dashibodi na msasa uliokunjwa mara nne. Akimaliza sehemu alifumba macho na kupitisha kiganja, taratibu, na kiganja kikisita hata kidogo alianza tena. Mama Amondi alikuja Jumanne na Ijumaa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanywa chai kwa kikombe chake na kutazama. Baadaye wakawa wanaongea mambo ya watoto, ya kanisa, ya bei ya sukuma wiki. Siku moja alimwuliza, "Mwanangu, mbona nikija sikuoni na ile bunduki?"

"Ile ni ya Fundi, mama."

"Mm," Mama Amondi alisema, na akamimina chai nyingine.

Kuhusu rangi kulizuka tatizo. Duka la rangi lilikipima kikombe kwa mashine yao, mashine ikatoa hesabu, na hesabu ikatoa kijani kilichofanana na kikombe jinsi picha ya pasipoti inavyofanana na mtu: kila kitu kipo lakini uhai hakuna. Sylvance alisema inatosha. Nthoki aliomba kopo moja aende nalo pembeni. Aliweka vipande vya bati kwenye jua, akaongeza manjano kidogo, akangoja ikauke. Ikawa ya nyasi. Akatia samawati, ikawa ya sare ya shule. Kipande cha tisa kilikaribia lakini kilikuwa baridi. Akakaa akikitazama kikombe kile pale kilipobanduka, akaona kwamba chini ya kijani palikuwa na rangi nyingine nyeusi iliyotoa kivuli kutoka chini. Basi si rangi ya juu pekee iliyokuwa na kazi. Akachanganya praima, ile rangi ya chini, ya kijivu kilichoiva badala ya ile nyepesi waliyoizoea, akaipaka kwanza, halafu kijani juu yake.

Kipande cha kumi na moja kilipokauka alikiweka kando ya kikombe juani, akamwita Mama Amondi. Mama akaangalia. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Ni chenyewe," alisema kwa sauti ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza gereji kusikia sauti yake ndogo.

Siku ya kupaka ikafika. Walipiga praima Jumatano, ikakaa vizuri, Nthoki akaisugua. Ijumaa, mvua ya asubuhi ikiwa imekatika tu na hewa bado imelowa, Sylvance alinawa mikono na kuvua soksi kwenye bunduki.

"Fundi," Nthoki alisema, "ile glasi ya kunasa maji kwenye kompresa ya hewa imejaa. Na hewa ni nzito. Tungoje jua."

"Mama Nzivo," Sylvance alimjibu kwa jina la mwanawe mkubwa, kama alivyofanya alipotaka kumkumbusha nafasi yake, "nimeanza kazi hii kabla hujaijua hata Industrial Area."

Akapuliza. Ubavu wa kulia ulitoka mzuri kwa dakika chache. Halafu vikatokea vitundu vidogo vidogo, duara duara, kama macho ya samaki, vikafuatana kutoka digadi ya mbele mpaka nyuma. Maji kutoka kwenye kompresa yalikuwa yamepita na hewa. Sylvance alisimamisha mkono. Akapuliza tena juu yake akidhani ataviziba, vikazidi. Mafundi wa nyundo wakaacha kugonga, na katika gereji ile ukimya ni habari mbaya.

Mama Amondi alikuwa kwenye ndoo yake. Alisimama, akaenda hadi kwenye ule ubavu, akatazama kwa muda mrefu. Nthoki alidhani mama atapiga kelele. Hakupiga.

"Fundi Sylvance," alisema, "mimi nimekaa hapa miezi miwili na nusu. Ile mikono ambayo imefanya kazi kwa gari langu nimeiona. Nataka mikono hiyo hiyo imalize."

Watu wote walitazama chini. Kumwambia fundi aliyekaa kazini miaka thelathini maneno hayo mbele ya wenzake ni kumvua kofia sokoni. Nthoki mwenyewe alitamani ardhi impokee. "Mama, mimi sijawahi..." alianza.

"Usidanganye," Sylvance alisema.

Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa, hasira yake ilikuwa imechoka. Alienda nyuma ya kibanda cha vyuma chakavu, akarudi akiburuta mlango wa zamani wa Datsuni. Mlango huo ulikuwa na rangi juu ya rangi, nyekundu, samawati, kijivu, fedha, zimepangana kama miaka. Ya juu kabisa ilikuwa laini kama kioo.

"Kila Jumamosi mimi nikiondoka mapema, thina yangu ya kuyeyushia rangi inapungua," Sylvance alisema. "Bunduki ile mbovu niliyoitupa ikapona. Ulidhani sijui, Mama Nzivo? Miaka saba nimekuwa nikija Jumatatu kutazama mlango huu kabla hujafika. Mwanzoni nilikuwa nacheka." Akapitisha kiganja juu ya ile rangi. "Siku hizi sicheki."

"Mbona hukusema kitu?" Nthoki aliuliza.

"Ningesema nini? Kwamba mtu wangu wa msasa ananishinda?" Alifuta bunduki kwa kitambaa, akaitoa mbele kwa mikono miwili. "Shika."

Nthoki akashika. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyofikiria miaka yote ile.

Hakupuliza siku hiyo. Alianza pale panapoanziwa: akausugua ubavu ule ulioharibika mpaka chini, akaupiga praima upya, akausugua tena. Iliwachukua siku nne, na Sylvance alichukua msasa akasugua upande wa pili bila kuambiwa. Jumatano iliyofuata jua lilitoka mapema. Nthoki akamwaga maji kwenye glasi ya kompresa, akapuliza hewa tupu juu ya kitambaa cheupe mpaka akahakikisha ni kavu. Akalowesha sakafu ndoo sita ili vumbi lilale. Akateremsha mapazia ya nailoni pande zote, akafunga kitambaa cha kichwa, akavaa barakoa. Kabla ya kuingia alisimama kidogo, akasema sala fupi ya Kikamba aliyofundishwa na mama yake, akapiga moyo konde.

Alianza na zile sehemu zisizoonekana. Ndani ya boneti, ndani ya buti la nyuma, kingo za milango, chini ya viti, nyuma ya kifuniko cha mafuta. Mkono ulienda sambamba na bati, haukupinda kama fagio, ulifika mwisho ukaachia, ukarudi, kila mpito ukilalia nusu ya ule uliotangulia. Mpako wa kwanza ulikuwa mwepesi, kama ukungu tu. Akangoja. Wa pili ukafunika. Akangoja tena, akigusa karatasi iliyobandikwa pembeni kwa kidole, si gari lenyewe. Ule wa tatu ulipolala juu ya paa aliona kitu alichokijua kwenye ule mlango wa Datsuni lakini hakuwahi kukiona kikubwa hivyo: rangi ikajinyoosha yenyewe, ikatulia, na mabati ya gereji, na nguzo, na yeye mwenyewe na barakoa yake, vyote vikaingia ndani ya kijani vikasimama humo.

Alitoka saa nane mchana amelowa jasho chepechepe. Fundi mmoja wa injini, yule aliyecheka habari ya mkono wa kikombe, aliinua pazia kidogo, akachungulia, akaliteremsha polepole kama mtu aliyemkuta mtoto amelala.

"Wueh," alisema tu.

Ilikauka bila tundu, bila tone, bila vumbi. Wakaipa vanishi yake, wakaiacha wiki nzima, ikasuguliwa kwa msasa laini kuliko karatasi ya Biblia, ikang'arishwa kwa mashine. Injini ikarudi. Vioo vikarudi na mipira mipya. Viti vikashonwa kwa ngozi ya rangi ya maziwa ya chai. Bampa ziling'aa. Siku Mama Amondi alipokuja kuchukua gari lake alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino, na ndoo yake ya kukalia aliipita kama hakuwahi kuijua.

Sasa, siku hiyo hiyo alikuwepo Magan, mfanyabiashara wa magari ya zamani kutoka Eastleigh, aliyekuja kwa shughuli nyingine. Mtu huyu alijulikana kwa jambo moja: hakuna gari lililopakwa upya ambalo hakuligundua. Aliiona Pijo, akasimama.

"Hii ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe," Sylvance alisema.

Magan akatabasamu, akakunja mikono ya shati. Alifungua mlango wa dereva, akainama kutazama bawaba. Kijani. Akafungua boneti, akamulika kwa tochi ya simu nyuma ya betri. Kijani. Akainua zulia la buti. Akatoa mpira wa mlango wa nyuma kwa ncha ya ufunguo, kidogo tu, pale ambapo mafundi wote wavivu huacha siri zao. Kijani. Mafundi walikuwa wamekusanyika sasa, na kila alipofungua kitu wakaitikia pamoja, "Kijani!" mpaka wauza mahindi wa nje wakaja kuona kuna nini. Mwishowe Magan alitandika gazeti, akalala chali na suruali yake safi, akaingia chini ya gari hadi kiunoni. Alikaa huko. Alipotoka alikuwa na vumbi mgongoni.

"Nimeshindwa," alisema, na watu wakapiga mayowe. Akamnyooshea mkono Sylvance. "Fundi, nimetembea gereji zote za mji huu. Hii ni kazi ya mkono."

Sylvance aliutazama ule mkono. Ungekuwa rahisi kuupokea. Aliupokea miaka thelathini. Nthoki, aliyekuwa amesimama nyuma ya wengine na kitambaa begani, alimwona akijifuta kiganja kwenye suruali.

"Si wangu," Sylvance alisema. "Muulize huyo mama pale. Nthoki! Njoo huku mbele."

Watu wakampisha. Magan akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye sandali zake, akamtolea mkono ule ule, na Nthoki akaushika kwa nguvu.

"Nina Mercedes ya mwaka wa sabini na mbili," Magan alisema. "Nataka itoke manjano iwe nyeusi. Lini unaweza?"

"Lilete," Nthoki alisema. "Lakini mimi nalivua lote. Sipaki nje tu."

"Sijasema nje tu."

"Nilitaka uelewe mapema."

Mama Amondi alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akawasha gari, likanguruma mara moja na kutulia, akamwambia Nthoki aingie mbele. Walitoka kwa Jogoo Road na kuzunguka hadi Donholm, vioo viko chini, na Mama Amondi aliendesha taratibu mno kwa makusudi. Kwenye lango la mtaa askari alisahau kufungua. Jirani mmoja aliyekuwa akianika nguo aliita kutoka ghorofani, "Mama Amondi! Umenunua mpya?"

"Ni ile ile!" Mama Amondi alijibu, mkono nje ya dirisha. "Fundi wangu huyu hapa!"

Mwaka ule Nthoki alipaka magari sita, kila moja mpaka ndani. Msumari wa pili uligongwa ukutani kando ya ule wa kwanza, na Sylvance ndiye aliyeleta soksi. Alibaki kuwa fundi mkuu, akanywa chai yake, na wateja wakija alianza kuwauliza kama wanataka kazi ya haraka au wanataka ya Nthoki.

Lakini Jumapili ya kwanza baada ya kuipaka ile Pijo, Nthoki alienda kanisani kama kawaida. Alikuwa na thina ya kutosha nyumbani kujisugua vidole, na safari hii hakujisugua. Wakati wa kusalimiana, mama mmoja wa kwaya aliushika mkono wake na kuugeuza kwenye mwanga, akaziona kucha zote kumi zimezungukwa na kijani.

"Nthoki, umepaka nini?"

"Pijo," alisema Nthoki, na akamwachia ashike mkono aangalie vizuri.